Mwalimu Mwenye Kujikwaa: Nafasi ya Mhusika Msaidizi katika Katuni za Kijapani za Wasichana wa Mazingara

1.0 Utangulizi

Mhusika msaidizi hupewa nafasi finyu katika uhakiki wa fasihi. Mhakiki akishamweleza mhusika mkuu na dhamira anazozibeba, wahusika waliobaki huorodheshwa kwa haraka, na yule wa kuchekesha huhitimishwa kwa sentensi moja: kwamba amewekwa ili kuiburudisha hadhira. Mazoea haya yameimarishwa na mgawanyo ulioenezwa na E. M. Forster mwaka 1927, unaotenga wahusika bapa na wahusika duara. Mhusika wa kuchekesha huhesabiwa kuwa bapa, na ubapa huchukuliwa kuwa ni upungufu.

Makala hii inachunguza mhusika mmoja wa aina hiyo, yaani mwalimu wa shule ambaye hujikwaa, hudondosha vitu, hupotea njia au huanika mambo yake ya faragha mbele ya wanafunzi, katika utanzu wa katuni za Kijapani uitwao kwa Kijapani mahō shōjo. Hoja kuu ni kwamba kujikwaa kwa mwalimu huyu si pambo. Ndiko kunakompa msichana ambaye ni mhusika mkuu uwanja wa kutenda bila kusimamiwa na mtu mzima. Aidha, katika kazi ambayo mhusika huyu amesawiriwa kwa kina zaidi, ndiko kunakobeba swali zito la kimaadili: je, mtu aliyemdhuru mtoto anaweza kuwa mwalimu wa mtoto huyo huyo?

Mada hii inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, katuni hizi zimekuwa sehemu ya sanaa inayotazamwa na vijana wa Afrika Mashariki, kama ilivyo pia kwa wazungumzaji wa Kiswahili walioko Omani na nchi za Ghuba, ambako idhaa ya Spacetoon, iliyoanza mwaka 2000, ilizirusha zikiwa zimetiwa sauti za Kiarabu. Pili, Kiswahili kina msamiati mpana wa kutofautisha aina za nguvu zisizo za kawaida, na msamiati huo unamlazimisha mfasiri afanye uamuzi ambao mtunzi wa Kijapani hakulazimika kuufanya. Kwa hiyo, kabla ya kumjadili mwalimu mwenyewe, ni lazima istilahi zitazamwe.

2.0 Suala la Istilahi

2.1 Uchawi, uganga na mazingara

Neno mahō la Kijapani hutaja nguvu za ajabu bila kuzihukumu. Nguvu hizo zaweza kuwa za kheri au za shari, na shōjo, yaani msichana, akiambatanishwa nazo hatiwi doa lolote. Kiswahili hakina neno moja la namna hiyo. Uchawi ni nguvu ya kudhuru, tena ya siri. Uganga ni nguvu ya kuponya na kukinga, tena hutendwa kwa kutambuliwa na jamii. Miujiza huhusishwa na Mungu na mitume. Mazingaombwe na kiinimacho ni maonyesho ya kustaajabisha, ambayo mtazamaji hufurahi kudanganywa nayo.

Mfasiri akiandika “msichana mchawi” atakuwa ameibadilisha hadithi kabla haijaanza. Nchini Tanzania neno mchawi halina mzaha. Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928 na ingali katika vitabu vya sheria kama Sura ya 18. Zaidi ya hayo, katika mikoa ya kanda ya ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na macho mekundu, ambayo aghalabu hutokana na moshi wa jikoni, yamechukuliwa kuwa ushahidi. Mwalimu anayechambuliwa katika sehemu ya 5.0 ana macho mekundu nyuma ya miwani, na wekundu huo ni mojawapo ya alama zinazomtambulisha kwa mtazamaji mwangalifu. Mtazamaji wa Tokyo huiona alama hiyo kama dokezo la fumbo. Mtazamaji wa Shinyanga anaweza kuiona kama hati ya mashtaka. Neno litakaloteuliwa na mfasiri ndilo litakaloamua ni usomaji upi utatangulia.

Kamusi za zamani za Kiswahili huliweka neno mazingara pamoja na mazingaombwe. Neno hili limepungua matumizi, na huko Kenya umbo hilo husikika pia likiwa na maana ya mazingira. Katika Mkoa wa Tanga, Mazingara ni jina la mahali katika ukanda wa Handeni na Korogwe. Makala hii haidai kwamba jina la mahali limetokana na jina la sanaa. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa asili. Hata hivyo, neno hilo linafaa kufufuliwa kwa kazi hii, kwa kuwa linataja ajabu bila kutaja hatia. Kwa sababu hiyo, msichana wa mahō anaitwa humu msichana wa mazingara.

2.2 Kujikwaa

Ugumu wa pili unahusu tabia ya mwalimu mwenyewe. Kijapani kina neno dojikko kwa msichana ambaye mikono na miguu yake haimtii, naye hupendwa kwa sababu hiyo. Kiswahili kina mzembe, lakini mzembe hulaumiwa, kwa kuwa angeweza kuwa makini akaacha. Kina goigoi, lakini goigoi ni mlegevu asiye na bidii, ilhali mwalimu huyu ana bidii nyingi, na mara nyingine bidii hiyo ndiyo inayomwangusha. Kina mbumbumbu, lakini mbumbumbu ni mjinga. Kwa kukosa neno moja lisilo na lawama, makala hii inatumia maelezo: mwalimu mwenye kujikwaa. Maelezo hayo yana faida yake, kwani kujikwaa katika Kiswahili hutumika kwa mguu na kwa maadili vilevile, na maana zote mbili zitahitajika.

2.3 Mwalimu

Neno mwalimu lina uzito wa pekee katika Afrika Mashariki. Katika pwani limemtaja mfundishaji wa Kurani, na pia mtaalamu wa tiba za kitabu anayeandika makombe na kutazamia nyota. Katika vyombo vya baharini limemtaja mwongozaji wa safari, mjuzi wa nyota na pepo. Nchini Tanzania limekuwa jina la heshima la Julius Nyerere, kiasi kwamba likitamkwa bila jina jingine humaanisha yeye.

Heshima hiyo imeishi pamoja na dhihaka. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kwa haraka ili kukidhi mahitaji ya Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyotangazwa kufikiwa mwaka 1977 na kujulikana kwa kifupi chake, UPE. Mitaani herufi hizo zilifasiriwa upya kuwa “Ualimu Pasipo Elimu.” Kwa hiyo mtazamaji wa Tanzania anapomwona mwalimu akianguka mbele ya darasa, kicheko chake kina historia. Anacheka taasisi aliyofundishwa kuiheshimu, na ambayo pia alisikia ikidhihakiwa.

3.0 Mwalimu wa Kuchekesha na Uwanja wa Msichana

Utanzu wa msichana wa mazingara kwa kawaida huhesabiwa kuwa ulianza katika televisheni na Mahōtsukai Sally, katuni ya kampuni ya Tōei iliyoanza kuonyeshwa Desemba 1966 kutokana na kazi ya Mitsuteru Yokoyama. Ilifuatwa mwaka 1969 na Himitsu no Akko-chan, iliyotokana na kazi ya Fujio Akatsuka. Tangu hapo muundo wa msingi umekuwa mmoja: msichana wa kawaida, au anayejifanya wa kawaida, ana nguvu anazopaswa kuzificha, na maisha yake yamegawanyika kati ya ulimwengu wa siri na ulimwengu wa nyumbani na shuleni.

Muundo huu una tatizo la kiufundi ambalo kila mtunzi hukabiliana nalo. Shuleni kuna mtu mzima ambaye kazi yake ni kuwalinda na kuwasimamia watoto. Iwapo mtu huyo ni makini na hodari, atagundua kwamba mwanafunzi wake hutoroka na kurudi na majeraha, naye atachukua hatua. Hadithi itakoma. Iwapo ni mkatili au hajali, ulimwengu wa mchana utapoteza wema wake, na msichana hatakuwa na kitu cha kukipigania. Suluhisho lililozoeleka ni mwalimu mwema asiyeona. Kujikwaa kwake kunamwondoa uwanjani bila kumwondolea huruma.

Haruna Sakurada, mwalimu wa Usagi Tsukino katika Sailor Moon, ni mfano ulio wazi. Kazi hiyo ya Naoko Takeuchi ilianza kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 1991, na katuni yake ilionyeshwa kuanzia mwaka 1992 hadi 1997 kwa vipindi 200. Haruna humkaripia Usagi kwa kuchelewa na kwa alama mbovu, lakini yeye mwenyewe ni kijana mwenye pupa ya kupata mchumba, na heshima ya cheo chake huporomoka kila pupa hiyo inapojitokeza. Karipio lake ni la dhati, ila halifiki mahali siri ilipo. Anaona uvivu, haoni uchovu wa askari.

Kazuko Saotome, katika Puella Magi Madoka Magica ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Akiyuki Shinbō na kuandikwa na Gen Urobuchi, anaendeleza mtindo huo kwa kinaya kikubwa zaidi. Katika kipindi cha kwanza anaingia darasani akiwa na hasira za mapenzi yaliyovunjika, akawahoji wanafunzi wake jinsi yai la kukaanga linavyopaswa kuiva, kisha akawaonya wasichana wasiolewe na wanaume, na wavulana wasiwe wanaume, wenye kuchagua chagua mayai. Baada ya hotuba hiyo ndipo anapomtambulisha mwanafunzi mgeni, kana kwamba ni jambo dogo. Mgeni huyo, Homura Akemi, ndiye atakayeibeba siri ya hadithi nzima. Mpangilio huo si wa bahati mbaya. Jambo zito limepitishwa mbele ya macho ya darasa na ya hadhira likiwa limefunikwa na kicheko, kama mfanya mazingaombwe anavyoutikisa mkono mmoja ili mwingine usitazamwe.

Hapana budi kutaja pia upungufu wa mtindo huu. Kicheko kinachomhusu Haruna na kile kinachomhusu Kazuko vimejengwa juu ya wazo moja, kwamba mwanamke msomi ambaye hajaolewa ni kichekesho. Uhakiki wa usawiri wa mwanamke katika fasihi ya Kiswahili umekwisha kuonyesha jinsi wazo kama hilo linavyojirudia katika riwaya na tamthilia zetu, ambamo elimu ya mwanamke hupimwa kwa kuolewa au kutoolewa kwake. Kwa hiyo kutambua kazi ya kifani ya mhusika hakumwondolei mtunzi dhima ya kifasihi na kijamii. Mwalimu anaweza kujikwaa kwa njia nyingine, kama mifano miwili ifuatayo inavyodhihirisha.

4.0 Mwongozaji Anayepotea Njia

Katika Cardcaptor Sakura, kazi ya kundi la CLAMP iliyochapishwa kuanzia mwaka 1996 na kuonyeshwa katika televisheni kuanzia mwaka 1998 hadi 2000, mwalimu wa muda wa hisabati aitwaye Kaho Mizuki anafika katika shule ya msingi ya Sakura Kinomoto. Ni mpole, mtulivu na mwenye mvuto. Kasoro yake ni moja: hupotea njia kwa urahisi.

Kasoro hiyo ingekuwa ya kuchekesha tu kama Kaho asingekuwa pia mwenye uwezo. Yeye anahusiana na hekalu la Tsukimine, na ana kengele yenye nguvu za mwezi. Sakura na wenzake wanaponaswa ndani ya mzingile wa ajabu, Kaho anatokea na kengele hiyo na kuuvunja. Baadaye, Sakura anaposhindwa katika hukumu ya mwisho, kengele hiyo hiyo inampa nafasi ya pili.

Maana ya zamani ya neno mwalimu katika safari za baharini inasaidia kuona kinaya kilichopo. Mwalimu wa chombo ni yule anayejua njia. Kaho hajui njia za mitaa, lakini anajua jinsi ya kumtoa mtoto katika mzingile. Mtunzi ametenga aina mbili za kujua ambazo cheo cha ualimu huzichanganya: kuujua ulimwengu wa kila siku, na kujua ni wakati gani mwanafunzi anahitaji mlango. Kasoro ya kwanza imewekwa ili ya pili isidhaniwe kuwa ni umahiri wa jumla. Kaho hampiganii Sakura. Humfungulia tu mlango, kisha humwacha apite mwenyewe.

Hapa mtindo wa mwalimu asiyeona umekwisha kugeuzwa. Haruna na Kazuko wako nje ya siri. Kaho yumo ndani yake, na kasoro yake ni sehemu ya upole unaomzuia kuiteka nafasi ya mhusika mkuu.

5.0 Ursula Callistis: Kujikwaa kama Toba

Mfano uliokamilika zaidi unapatikana katika Little Witch Academia ya studio ya Trigger, iliyoongozwa na Yoh Yoshinari. Kazi hii ilianza kama filamu fupi mwaka 2013, ikafuatwa na filamu ya pili mwaka 2015, kisha mfululizo wa vipindi 25 ulioonyeshwa kati ya Januari na Juni 2017. Uchambuzi huu unahusu mfululizo wa mwaka 2017.

Atsuko Kagari, aitwaye Akko, ni msichana kutoka familia isiyo na asili ya mazingara. Akiwa mtoto alitazama onyesho la msanii aitwaye Shiny Chariot, akaazimia kuwa kama yeye. Anajiunga na chuo cha Luna Nova, ambako ni mwanafunzi pekee asiyeweza kupaa kwa ufagio hata kidogo. Anayemsimamia ni Ursula Callistis, mwalimu wa nyota, mwenye nywele za samawati na miwani mikubwa, mwepesi wa kutahayari, ambaye hujikwaa na kuangusha vitu na ambaye walimu wenzake hawamtegemei kwa jambo kubwa. Mtazamaji anafahamu mapema kuliko Akko kwamba Ursula ndiye Chariot.

Kufikia hapa hadithi ingeweza kuwa ya kawaida: shujaa aliyejificha katika mavazi ya mnyonge. Kinachoitofautisha ni sababu ya kujificha. Katika maonyesho yake Chariot alitumia mbinu aliyopewa na rafiki yake Croix, ambayo ilizigeuza ndoto za watazamaji kuwa nguvu za jukwaani. Mbinu hiyo iliwanyang'anya watazamaji uwezo wao wenyewe wa mazingara. Miongoni mwa waliokuwapo ni Akko. Msichana huyo hawezi kupaa kwa sababu ya onyesho lile lile lililomfanya atamani kupaa. Chariot aliacha jukwaa, akachukua jina jingine, na miaka baadaye akamkuta mtoto yule akiwa mwanafunzi wake.

Kwa kujua hayo, mtazamaji analazimika kuyasoma upya matukio yote ya kujikwaa. Je, Ursula anajifanya? Kwa sehemu ndiyo, kwa kuwa mtu anayedhaniwa kuwa hafai hachunguzwi. Lakini si yote ni maigizo. Zipo nyakati ambapo yuko peke yake na bado anaanguka. Tafsiri inayokubaliana na ushahidi wa hadithi ni kwamba Ursula amekataa umahiri. Umahiri wake wa jukwaani ndio uliodhuru, na mwili wake sasa unausita. Kujikwaa kwa mguu kumekuwa umbo la nje la kujikwaa kwa maadili.

Msamiati wa Kiswahili unaufafanua mgogoro huu kwa ukali kuliko msamiati wa Kijapani. Wachawi wa jadi wa Luna Nova walimdharau Chariot kwa kuwa aliigeuza elimu takatifu kuwa tamasha. Kwa lugha yetu, walimshtaki kwamba alifanya mazingaombwe mahali pa uganga. Wasomaji wengi waliosoma shule za msingi nchini Tanzania wanamkumbuka mfanya mazingaombwe aliyefika shuleni, akaingiza watoto darasani kwa kiingilio kidogo, na kuwaacha wakibishana wiki nzima. Hakuna aliyemwita mganga, wala hakuna aliyemwendea kwa tiba. Alileta mshangao, akaondoka. Akko ni mtoto wa mshangao huo. Anachokitetea mbele ya walimu wake ni kwamba mshangao nao ni elimu. Msiba wa hadithi ni kwamba mtetezi huyo hajui mshangao ule ulimgharimu nini.

Ishara ya fimbo inastahili kutajwa. Katika shule za Tanzania fimbo ya mwalimu ni chombo cha adhabu, ambacho kanuni za mwaka 1979 zilikiwekea mipaka ya kisheria. Katika Little Witch Academia fimbo iliyokuwa ya Chariot inaokotwa na Akko msituni katika kipindi cha kwanza, na haimrudii mwalimu. Ursula anatumia muda wake kumsaidia mwanafunzi kuyapata maneno saba yanayoiamsha fimbo hiyo. Kwa namna hii mamlaka yamehama kabla mwalimu hajakiri lolote. Anafundisha akiwa mikono mitupu.

Ukweli unapofichuka, Akko anavunjika moyo na kukimbia. Hadithi haimwachi Ursula ajitakase kwa kitendo cha kishujaa kinachofuta deni. Aliyemrudisha Akko ni mwanafunzi mwenzake, Diana Cavendish, ambaye naye alikuwa katika hadhira ile, akapoteza nguvu zake kwa muda, kisha akazirejesha kwa juhudi. Msamaha wa Akko unakuja kwa hiari yake, naye anakataa kuikana ndoto ati kwa sababu chanzo chake kina doa. Katika kipindi cha mwisho anaanza kuinuka juu ya ufagio, kidogo tu. Uwezo ulionyang'anywa kwa onyesho moja unarudi kwa hatua ndogo, kama elimu nyingine yoyote.

6.0 Kasoro na Uwezo: Ulinganisho kutoka Handeni na Korogwe

Mtu mwenye kasoro inayofunika uwezo si mgeni katika masimulizi ya ukanda ambamo Mazingara imo. Habari za Wakilindi, ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ambayo J. W. T. Allen aliihariri upya na kuitoa mwaka 1962, inaanza na Mbegha wa Ungulu. Mbegha alikuwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, na jamii iliamini kwamba mtoto wa namna hiyo huwaletea jamaa zake vifo. Ndugu zake walimnyima urithi. Aliondoka na mbwa wake, akapitia Kilindi, nchi ambayo leo ni wilaya iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002, akafika Usambaa akiwa mwindaji wa nguruwe anayewagawia watu nyama. Mwishowe alitawazwa mfalme huko Vuga.

Ulinganisho huu unafaa kwa tofauti zake kuliko kwa mfanano wake. Kasoro ya Mbegha alibandikwa na jamii. Hakuwa na hatia, na hadithi inamwelekeza kwenye kiti cha enzi kama fidia. Kasoro ya Ursula ameichukua mwenyewe. Anayo hatia, na hadithi haimrudishii jukwaa. Mbegha anaondoka mahali alipoogopwa na kupendwa kwingine. Ursula anabaki mahali anapodharauliwa, kwa sababu ndipo alipo mtoto aliyemdhuru.

Aidha, fikra za Wasambaa kuhusu uwezo zinatoa nyenzo ya uhakiki. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanafikra wakulima wa Usambara, anaeleza jozi ya dhana mbili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru. Mtawala mwenye nguvu za mvua anaweza kufanya yote mawili, na uwezo wa kuponya hautenganishwi na uwezo wa kudhuru. Suala ni hali ambamo uwezo huo unatumika, na ikiwa mwenye nao anawajibika kwa nchi au anashindana na wenzake.

Dhana hii inamsoma Ursula vizuri kuliko mgawanyo wa mwema na mwovu. Onyesho la Chariot lilimpa Akko ndoto na kumnyang'anya uwezo kwa tendo moja. Alipokuwa jukwaani aliwajibika kwa makofi, yakihitaji kuongezeka kila usiku. Alipokuwa darasani aliwajibika kwa mwanafunzi mmoja. Nguvu ni ile ile. Kilichobadilika ni wajibu. Mpito kutoka Chariot hadi Ursula ni mpito kutoka kubana hadi kuzifya, na kujikwaa ni alama kwamba mpito huo haujakamilika.

Inafuata kwamba neno mazingara, lililopendekezwa katika sehemu ya 2.1, lina mpaka wake. Linafaa kulitaja kundi zima la hadithi kwa kuwa halihukumu. Lakini ndani ya Little Witch Academia mfasiri atahitaji pia uganga kwa elimu ya Luna Nova na mazingaombwe kwa sanaa ya Chariot, kwa sababu ugomvi kati ya maneno hayo mawili ndio ugomvi wa hadithi. Uchawi, kwa maana yake kamili ya Kiswahili, uhifadhiwe kwa pale tu madhara yanapotendwa kwa siri. Akifanya hivyo, mfasiri atagundua kwamba neno hilo linaiangukia mbinu ya Croix, wala si msichana, wala si mwalimu mwenye macho mekundu. Huo ni uamuzi wa kifasihi. Katika nchi ambamo neno hilo limeua, ni uamuzi wa kijamii pia.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mwalimu mwenye kujikwaa hutenda kazi tatu zinazopandiana. Kwa Haruna na Kazuko, kujikwaa kunaufungua uwanja ambamo msichana anatenda, na pia kunaficha habari nzito nyuma ya kicheko. Kazi hiyo imelipiwa kwa dhihaka dhidi ya mwanamke asiyeolewa. Kwa Kaho, kujikwaa kunautenga uwezo wa kuongoza na umahiri wa jumla, hata mwanafunzi akabaki na safari yake. Kwa Ursula, kujikwaa ni umbo la hatia na mwanzo wa uwajibikaji.

Kwa mintarafu ya nadharia, mgawanyo wa bapa na duara hautoshi kumpima mhusika huyu. Ursula anaonekana bapa kwa makusudi, na ubapa wake ni tendo lake mwenyewe ndani ya hadithi. Mhakiki anayemwondoa kwa sentensi moja atakuwa amedanganywa sawa na walimu wenzake wa Luna Nova. Ni vema basi uhakiki wa wahusika katika kazi za Kiswahili nao uwarudie wale wa kuchekesha, na kuuliza kwa kila mmoja: kicheko hiki kinafunika nini, na kinamnufaisha nani?

Swali lililoulizwa mwanzoni linaweza kujibiwa kwa masharti. Aliyemdhuru mtoto anaweza kuwa mwalimu wake iwapo ameikabidhi fimbo, ameacha kutafuta makofi, na yuko tayari kwamba msamaha huenda usije. Katika jamii ambayo imelitumia neno mwalimu kwa mfundishaji, kwa mganga wa kitabu, kwa mwongozaji wa chombo na kwa kiongozi wa taifa, masharti hayo hayamhusu mwalimu wa katuni peke yake.